Harufu Ndani ya Gari

Asubuhi ya leo napenda tuzungumze habari ya harufu ya kuungua itokayo katika gari lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika. Huenda ukashangaa kumsikia mchungaji akisema habari za magari. Lakini mchungaji huletewa habari za magari kama aletewavyo habari za ndoa na za mashamba, na mara nyingine zote tatu hufika pamoja, maana gari limenunuliwa kwa fedha za shamba na mke hakuambiwa.

Magari mengi madogo ya hapa Kenya hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na sheria yetu hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Miaka 8 yatosha mpira kukauka na kupasuka. Tena likifika kwako huenda wewe ni mwenyewe wa tatu au wa nne, na karatasi za gari hazisemi waliotangulia walilifanyia nini.

Basi ukisikia harufu, usikimbilie kusema, “Ni injini.” Mama jikoni hutambua kama ni maziwa yaliyofurika au ni mahindi yaliyoungua, hata akiwa chumba kingine. Nasi twaweza kujifunza vivyo hivyo. Harufu ya mafuta mazito, inayozidi gari linaposimama baada ya safari, mara nyingi ni oili inayovuja penye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini na kudondokea ekzosi. Kama fundi alimwaga kidogo jana alipobadilisha oili, itakwisha yenyewe kwa siku chache. Isipokwisha, ni gasketi. Harufu ya mpira pamoja na mlio mkali ni mkanda wa feni unaoteleza. Hayo ni mepesi.

Harufu tamu, kama ya sukari guru inayochemka, yataka uangalifu zaidi. Ni yale maji ya rangi yatiwayo katika rejeta, nayo yanavuja. Ukipita Limuru asubuhi ya ukungu ukawasha hita, nawe ukasikia utamu huo ndani ya gari na kioo cha mbele kikashika utando wa mafuta, jua uvujaji upo ndani ya hita yenyewe. Maji yale ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa, kwa hiyo usiyaache chini uani. Lakini wengi wetu hutia maji ya mfereji tu, na maji matupu hayana harufu tamu. Gari la namna hiyo pua haitakusaidia. Tazama mshale wa joto, wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ingali moto.

Breki nazo zina harufu yake, kali, ya kukausha koo. Wanaoteremka Mai Mahiu waijua sana, hasa nyuma ya malori, pale karibu na kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Ukiisikia katika gari lako mteremkoni, usiendelee kukanyaga breki. Tia gia ndogo, utafute mahali pa kusimama, uziache zipoe. Ukiisikia barabara ikiwa tambarare, simama, upeleke mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko yote, breki yake imeng’ang’ania. Klachi hunuka karibu vivyo hivyo, ila wakati huo injini hunguruma na gari halisogei upesi.

Sasa nije kwenye harufu niiogopayo. Mwalimu mmoja wa parishi yetu alinunua gari dogo kwa mkopo wa chama cha ushirika. Likanuka kama kamba ya nailoni iliyotiwa motoni, lakini usiku tu. Mafundi watatu walilichunguza mchana, kila mmoja akasema halina neno. Rafiki yake akampa shauri: “Liuze mchana.” Mwalimu akaja kwangu na shauri hilo, nami nikamwuliza kama mnunuzi ana watoto. Hakujibu, wala gari halikuuzwa.

Akaenda kwa fundi wa umeme wa magari, naye akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: “Inaponuka, umewasha nini?” Alikuwa amewasha taa kubwa. Mwenyewe wa zamani alikuwa ametoa balbu za wati 60 akaweka za wati 100. Kwa betri ya volti 12, balbu ya wati 60 huvuta ampea 5, na ya wati 100 huvuta zaidi ya 8. Lakini nyaya zilikuwa ni zile zile nyembamba. Fyuzi ya buluu ya 15 ilipokatika kwa uzito huo, mtu alitia ya kijani ya 30, nayo haikukatika tena. Hapo waya wenyewe ukawa ndio fyuzi. Plastiki ya nyuma ya taa ilikuwa imeyeyuka, na waya mmoja umebaki uchi karibu na bomba la petroli. Nimeviona vipande hivyo kwa macho yangu. Tena wako wanaotia kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, nao husema wametengeneza.

Ukisikia harufu ya plastiki, usingoje ufike nyumbani. Simama kando, zima injini, watoe watu wote, watoto kwanza. Kama hakuna moshi, fungua betri upande wa hasi. Moshi ukitoka chini ya boneti, usiiinue, maana hewa ikiingia kwa ghafula moto huruka; kama una mtungi wa kuzimia, pulizia penye upenyo mdogo. Kama huna, rudini nyuma mbali, muwazuie magari yanayokuja, na mizigo iacheni humo humo.