Kazi ya Msaidizi wa Muuguzi: Uliza Kabla ya Kulipa Karo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi, Nyacheki, Kisii)



Vijana wengi wa hapa wanaitaka kazi ya msaidizi wa muuguzi, na wazazi wanauza ng'ombe au kutoa fedha za majani chai ili wawalipie karo. Mimi ni mtu wa reli, si wa hospitali, lakini habari ya cheti na mshahara ni ya kila mfanyakazi.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Msaidizi humwogesha mgonjwa, humlisha, humbadilishia shuka, na humgeuza kitandani kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda. Akiona homa imepanda, humwarifu muuguzi. Hachomi sindano wala hatoi dawa kwa shauri lake mwenyewe. Ni kazi ya heshima, nayo yataka nguvu na subira.

Pili, msaidizi si muuguzi. Muuguzi wa diploma husoma miaka 3 au zaidi kidogo, hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, huandikwa katika daftari la Baraza na kupewa leseni. Msaidizi husoma miezi michache au mwaka, na cheti chake hakimwingizi katika daftari hilo. Kwetu relini, anayesimama karibu na dereva si dereva. Basi chuo kikikuambia kwamba mtoto atatoka muuguzi baada ya miezi 6, ujue unadanganywa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne:

1. Je, chuo kina kibali cha TVETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013? Uonyeshwe.
2. Mtihani hutungwa na nani, na cheti hutolewa na nani?
3. Mazoezi ya wadini ni katika hospitali gani? Nenda kaulize huko huko.
4. Karo yote ni kiasi gani, pamoja na sare na ada ya mtihani? Dai risiti.

Kijana mwenye alama za kutosha ajaribu kwanza uuguzi wenyewe. KMTC, iliyoanza mwaka 1927, ina vyuo Kisii na Nyamira, na hospitali ya misheni ya Tabaka ina shule ya uuguzi.

Tatu, siku ya kuanza kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Yatoa pia siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Tajiri akisema, "Anza tu, mshahara tutazungumza baadaye," mwombe aandike.

Tena, adai glavu, na chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida ni sindano 3. Akichomwa na sindano iliyotumika, aseme saa ile ile, iandikwe, apimwe. Dawa ya kuzuia ukimwi lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamlinda aumiaye kazini, lakini asiyeandikisha ajali yake atapata taabu kuithibitisha.

Ndugu zangu, mtoto akipewa barua ya kazi, asitie sahihi kwa haraka. Ailete tuisome pamoja, kisha ajiunge na chama cha wafanyakazi wenzake.