Asidi Kisimani cha Mafuta: Makadirio Hutoka Wapi?



Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1 mwaka wa 2012, wakazi wa Turkana wamesikia hesabu nyingi za mapipa. Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga, kwa masharti yake, asilimia 20 ya faida inayoifikia Serikali iende kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya eneo. Kwa hiyo anayekadiria mapipa anakadiria pia madarasa, zahanati na maji. Mwananchi anafaa kujua makadirio ya namna hiyo hufanywaje. Mfano mzuri ni kupasua mwamba kwa asidi, njia inayotumika katika nchi nyingi kuongeza mafuta na gesi.

Njia hii ni ya mawe ya chokaa na jamii yake. Ganda la yai likitiwa kwenye siki hutoa povu na kuyeyuka. Chokaa nayo huyeyuka hivyo ikikutana na asidi ya haidrokloriki. Mwaka wa 1932, huko Michigan, Marekani, asidi ilimiminwa katika kisima kilichokuwa kimekauka, na kikaanza kutoa mafuta tena. Baadaye wahandisi waliona kwamba asidi ikisukumwa kwa nguvu ya kutosha, mwamba hupasuka. Asidi huingia kwenye ufa na kula kuta zake. Kwa kuwa haizili sawasawa, ufa ukijifunga hubaki vijia, na mafuta hupita humo.

Je, kisima kitaongeza kiasi gani? Jibu hutegemea mambo mawili makuu.

La kwanza ni umbali. Lita moja ya asidi ya asilimia 15 huyeyusha takriban gramu 220 za chokaa, kisha nguvu yake imekwisha. Mwamba ukiwa wa joto kali, asidi huisha mapema, karibu na kisima. Nyingine huvujia pembeni kupitia matundu inayojichimbia yenyewe. Ufa unaweza kuwa mrefu, lakini sehemu ambayo asidi haikuifikia ikiwa na nguvu hujifunga na kuwa kama haikupasuliwa.

La pili ni uwazi unaobaki. Uzito wa ardhi hubana ufa kutoka pande zote. Chokaa ngumu hustahimili. Chokaa laini husagika na vijia vikazibika. Mwaka wa 1973 watafiti Nierode na Kruk walitoa kanuni ya kukadiria uwazi huo kwa kutumia kiasi cha mwamba kilichoyeyuka, ugumu wake na mbano unaoukabili. Kanuni hiyo bado hutumika, lakini ilitokana na vipande vidogo vilivyopimwa maabarani. Mwamba wa chini una nyufa za asili na matabaka ambayo kipande kidogo hakiwezi kuyaonyesha yote. Ndiyo sababu makadirio ya kweli hutolewa kama kiwango cha chini na cha juu, si tarakimu moja.

Kuna mitego miwili. Kisima kilichoziba kwa tope la uchimbaji kinaweza kuongeza mafuta mara nyingi kikioshwa tu kwa asidi, bila mwamba kupasuliwa. Hivyo "mara tatu" haina maana mpaka ijulikane ni mara tatu ya nini. Pia, siku za kwanza huwa za neema. Kadiri mafuta yanavyotolewa, shinikizo la ndani hushuka, mbano kwenye ufa huongezeka, na vijia hupungua. Mapipa ya wiki ya kwanza si mapipa ya mwaka mzima.

Kwa Turkana kuna jambo kubwa zaidi. Mafuta ya bonde la Lokichar yamo kwenye mawe ya mchanga, si ya chokaa. Asidi ya haidrokloriki haiyeyushi chembe za mchanga huo. Mwamba wa namna hiyo ukipasuliwa, kwa kawaida ufa hushikiliwa wazi kwa punje ngumu zinazosukumwa ndani yake. Tarakimu za ng'ambo zilizopatikana kwenye chokaa haziwezi kuletwa Lokichar zikawa ahadi.

Basi mwananchi akiletewa makadirio barazani, aulize maswali manne. Mwamba ni wa aina gani? Kisima kilikuwa kikitoa kiasi gani, na kilipimwa lini? Kiwango cha chini kinachotarajiwa ni kipi? Baada ya miezi sita na mwaka mmoja, vipimo vitatangazwa wapi? Mtaalamu aliyefanya hesabu yake vizuri hatachukizwa na maswali hayo, kwa sababu yeye mwenyewe ameanza nayo.

Wahenga walisema, usikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Bajeti ya kijiji ijengwe juu ya mapipa yaliyopimwa.