Sare ya Dola si Ngao ya Mhalifu



Tarehe 23 Juni mwaka 2016, watu watatu walitoka katika mahakama ya Mavoko, nje kidogo ya jiji la Nairobi, wakaingia katika teksi. Wa kwanza alikuwa wakili, Willie Kimani. Wa pili alikuwa mteja wake, kijana aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuendesha pikipiki ya abiria. Wa tatu alikuwa dereva wa teksi hiyo, ambaye hakuwa na kesi wala ugomvi na mtu, alikuwa kazini. Wote watatu hawakufika nyumbani. Wiki moja baadaye maiti zao ziliopolewa katika mto ulio Ol Donyo Sabuk, zikiwa zimetiwa ndani ya magunia.

Waliowateka na kuwaua hawakuwa majambazi wa porini. Mahakama Kuu ya Kenya ilithibitisha baadaye kwamba walikuwa askari wa Polisi wa Utawala, wakisaidiwa na raia aliyekuwa mpasha habari wao. Watu hao watatu walikuwa wamefungiwa kwanza katika kontena la chuma lililotumika kama mahabusu katika kituo cha polisi cha Syokimau. Yaani pale ambapo raia aliyedhulumiwa hukimbilia kupata hifadhi, ndipo raia hawa walipofichwa ili wauawe.

Inafaa kukumbuka chanzo cha mkasa huo. Mwaka 2015 kijana yule mwendesha pikipiki alisimamishwa barabarani na askari, akapigwa risasi mkononi. Ajali ya silaha inaweza kutokea, na kanuni za kila jeshi zinaeleza jinsi ya kuitolea taarifa. Lakini badala ya taarifa, kijana alifunguliwa mashtaka. Naye hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake kwa chombo kilichowekwa na sheria kusikiliza malalamiko ya namna hiyo, akapata na wakili wa kumtetea. Malalamiko hayo ndiyo yaliyomgharimu maisha. Askari aliyeogopa kulijibu kosa dogo alichagua kutenda kosa kubwa, akawavuta na wenzake.

Ndugu wasikilizaji, swali lililo mbele ya majeshi yote ya Afrika Mashariki ni hili: je, askari anayevunja sheria anaweza kweli kuwajibishwa, au maneno hayo ni ya kuwafariji raia tu? Historia ya karibuni ya Kenya, jirani na ndugu yetu, inatoa jibu lenye pande mbili, na pande zote mbili zinastahili kutazamwa bila kejeli na bila upendeleo.

Upande wa kwanza ni sheria. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilitumbukia katika machafuko. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Katika nchi ambayo raia wengi hawana bunduki, hesabu hiyo ilizungumza yenyewe. Mwaka 2009 kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji mstaafu Philip Ransley kilipendekeza polisi wafanyiwe mageuzi ya msingi. Katiba mpya ya mwaka 2010 ikayapa mapendekezo hayo nguvu. Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala wakawekwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na jina likabadilika kutoka jeshi na kuwa Huduma ya Taifa ya Polisi. Ibara ya 244 ya Katiba hiyo inaitaka huduma hiyo izuie rushwa, iwe wazi katika utendaji wake na iheshimu haki za binadamu.

Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, inayojulikana kwa kifupi kama IPOA. Mamlaka hiyo inaongozwa na bodi ya raia. Inapokea malalamiko, inachunguza vifo na majeraha makubwa yanayotokea mikononi mwa polisi, kisha inapeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye anayeamua kama kuna kesi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka huo huo ikaongeza jambo ambalo kila askari anapaswa kulishika: katika jedwali lake la sita, linalohusu matumizi ya nguvu na silaha, imeandikwa kwamba kutii amri ya mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Sheria hizo hazikubaki kabatini. Mwezi Agosti 2014, katika Kaunti ya Kwale, askari walivamia nyumba usiku wakimtafuta mtuhumiwa, na binti wa miaka 14 akauawa kwa risasi. Mwezi Februari 2016 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliwatia hatiani inspekta mmoja na konstebo mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, kila mmoja akafungwa miaka 7. Na katika kesi ya Wakili Kimani, mahakama ilisikiliza mashahidi zaidi ya arobaini. Kumbukumbu za simu zilionesha nani alikuwa wapi na alizungumza na nani. Kikaratasi kilichorushwa nje na mahabusu, chenye ombi la kumpigia simu mke wa wakili, kiliingia katika ushahidi. Mpasha habari naye alieleza yaliyotendeka. Tarehe 22 Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani washtakiwa wanne na kumwachilia mmoja. Tarehe 3 Februari 2023 adhabu ilitangazwa: Fredrick Leliman alihukumiwa kifo; askari wa pili miaka 30; askari wa tatu, mwanamke, miaka 24; na mpasha habari miaka 20.

Basi anayesema kwamba askari hawezi kushtakiwa, amekosea. Anayedhani kwamba siri ya kituoni haitoki nje, naye amekosea. Kikaratasi kidogo kilitoka.

Lakini, ndugu wasikilizaji, upo upande wa pili. Tangu siku ya utekaji hadi siku ya hukumu ilipita miaka sita na miezi saba. Ndivyo ilivyokuwa katika kesi iliyofuatiliwa na mawakili wa nchi nzima, waliofanya maandamano na kugoma kwenda mahakamani kwa ajili ya mwenzao. Itakuwaje kwa mchunga mbuzi wa mbali, au mama muuza mboga, asiye na wakili wala gazeti la kumsemea? Malalamiko yanayoifikia mamlaka ile ni maelfu. Hukumu zilizopatikana ni chache. Sababu zake zinafahamika na kila aliyewahi kukaa kituoni. Shahidi anaogopa kumtaja askari atakayekutana naye kesho barabarani. Kitabu cha matukio hakionekani kinapotafutwa. Askari aliyeona anasema hakuona, kwa kuwa ameambiwa kwamba kumtaja mwenzake ni usaliti.

Mfano wa karibuni ni wa mwezi Juni 2025. Mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi yaliyodaiwa kumchafulia jina afisa wa juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na alfajiri ya tarehe 8 akawa maiti. Polisi walitangaza kwamba alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari walioipasua maiti wakaona vingine: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na alama mwilini zisizoweza kuwa za mtu kujiumiza. IPOA iliieleza Seneti kwamba kumbukumbu za kamera za kituo hicho zilikuwa zimechezewa. Kabla ya mwezi huo kwisha, watu sita, watatu kati yao wakiwa askari, akiwemo mkuu wa kituo, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Hatia ni jambo la mahakama kuamua. Lakini uongo wa siku ya kwanza ulikwisha kufanya kazi yake mbaya: ulililaza jeshi zima, pamoja na maelfu ya askari waaminifu waliokuwa kwenye malindo yao usiku ule, katika kitanda kimoja na waliotenda.

Liko pia suala la wakubwa. Mara nyingi anayesimama kizimbani ni konstebo, na aliyempa amri hubaki ofisini. Usiku wa mwezi Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mjini Kisumu, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa akiwa nyumbani kwao wakati polisi walipoendesha msako, akafa. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika mwaka 2019 uliwataja makamanda wa operesheni hiyo kuwa wanapaswa kuwajibika. Mwezi Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliidhinisha maafisa 12 washtakiwe, baadhi yao kwa dhamana yao ya ukamanda, chini ya sheria ya makosa ya kimataifa. Jambo hilo lilikuwa geni katika mahakama za Kenya. Lakini maana yake inaeleweka na kila mwanajeshi: kamanda husifiwa kwa ushindi ambao hakuupigania kwa mkono wake, kwa mizani hiyo hiyo atajibu maovu aliyoyaamuru, au aliyoyajua akayafumbia macho.

Jambo hilo linawagusa wanajeshi pia. Mwezi Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya muswada wa fedha, Jeshi la Ulinzi la Kenya liliitwa kuwasaidia polisi. Mahakama Kuu haikulizuia, lakini iliitaka Serikali itangaze rasmi mipaka na muda wa kazi hiyo. Mwanajeshi amefundishwa kumshinda adui. Akiwekwa barabarani mbele ya raia wa nchi yake, hana adui pale. Ana watu aliokula kiapo kuwalinda. Asipojua mipaka ya kazi aliyopewa, hatari ni yake na ya raia vilevile.

Ndugu askari, wapo wanaodai kwamba kumchunguza askari ni kumvunja moyo, na kwamba jambazi hufurahi askari anapopelekwa mahakamani. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa sababu kazi ya polisi ni ngumu, mshahara si mkubwa, na mara nyingine sekunde moja huamua kati ya uhai na mauti. Askari aliyejitetea kwa haki anastahili kulindwa na sheria, na uchunguzi ulio huru ndio unaomlinda, maana ukimsafisha, raia wataamini. Akisafishwa na wenzake chini kwa chini, hata akiwa hana kosa, hakuna atakayesadiki. Tena jambazi hafurahii askari mwadilifu. Humfurahia askari mwenye lake la kuficha, kwa kuwa huyo amekwisha mpata bei yake.

Polisi huishi kwa habari za raia. Mwizi wa ng'ombe, mficha silaha, muuza bangi, wote hujulikana kwanza na jirani. Jirani huyo akiwa na imani na kituo, atakuja usiku kusema. Akiwa na hofu, atafunga mlango. Hakuna gari, redio wala bunduki inayoweza kuziba pengo hilo.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tanzania haina haki ya kuwacheka majirani. Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa Dar es Salaam wakiwa mikononi mwa polisi, baada ya kuitwa majambazi. Kesi ilizunguka miaka kumi. Mwezi Septemba 2016 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru washtakiwa watatu, na kumtia hatiani afisa mmoja, ikamhukumu kifo. Katika msiba wa Nairobi na katika ule wa Dar es Salaam alikuwamo dereva wa teksi, mtu aliyekuwa akitafuta chakula cha watoto wake. Hilo peke yake latosha kumfanya kila askari atafakari.

Uwajibikaji, basi, hauanzi mahakamani wala katika ofisi za tume. Unaanza saa ile ambapo askari anamwandika mtuhumiwa katika kitabu kwa jina lake kamili na saa aliyoingia. Unaanza pale koplo anapomwambia mwenzake, "Huyu amekwisha funguliwa pingu na kuketi, usimpige." Unaanza pale mkuu wa kituo anapoandika taarifa ya risasi iliyokosea njia, japo taarifa hiyo itamgharimu cheo. Laiti risasi iliyompata kijana wa pikipiki mwaka 2015 ingeandikiwa taarifa ya kweli siku ile ile, pengine askari mmoja angepewa adhabu ya kikazi, na jambo likaisha. Wakili Kimani angerudi nyumbani kwake, dereva angerudisha teksi jioni, na askari watatu wasingekuwa gerezani.

Sare huvaliwa kwa kiapo, na kiapo hicho ni kwa taifa. Anayeitumia kumdhulumu raia amekwisha ivua mwenyewe, hata kama vifungo vyote vingali vimefungwa.