Protini Hii Iko Wapi? Utabiri, Ushahidi na Seli ya Muhogo



Naanza na muhogo. Katika seli zake kuna linamarini, kemikali iliyofunga sianidi ndani yake. Mmea huitunza kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa kinachojaza sehemu kubwa ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarase, kinakaa kwenye ukuta wa seli. Kila kimoja kikiwa mahali pake, hakuna sumu inayotoka. Panya akiuma, au mtu akikuna mzizi mbichi, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana na kazi inaanza. Wanaovundika muhogo mchungu au kuuloweka kabla ya kuuanika wanavipa nafasi ya kukutana, na sianidi muda wa kuondoka. Kuna pia kimeng'enya cha pili kinachoharakisha hatua ya mwisho. Hicho kimo kwenye majani, katika nafasi iliyo nje ya utando wa seli, lakini kwenye mizizi ni kama hakipo, na hiyo ni sababu mojawapo ya masalia ya sumu kubaki katika unga ulioandaliwa kwa haraka.

Ukijua muhogo una vimeng'enya gani bila kujua viko wapi, hujauelewa muhogo. Kauli hiyo naisema kwa mimea yote.

Desemba 2000 jenomu ya Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na haradali na kabichi, ilichapishwa ikiwa ya kwanza ya mmea kusomwa. Leo tunahesabu jeni zake za protini kuwa kama 27,000. Orodha hiyo ni hazina, lakini haisemi protini zinafanyia kazi wapi. Nyingi mno hutengenezwa kwenye saitosoli, kisha husafirishwa hadi kloroplasti, mitokondria, kiini au peroksisomu. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini hubeba yenyewe ishara ya mahali inapokwenda, ikiwa imeandikwa katika mpangilio wa asidi amino zake.

Kama ishara imeandikwa, kompyuta inaweza kufundishwa kuisoma. Programu ya TargetP, iliyotolewa mwaka 2000, ilichunguza mwanzo wa protini. Ishara ya kuingia kloroplasti huwa na serini kwa wingi na asidi amino zenye chaji hasi chache sana; ya mitokondria hupenda arginini. Tatizo ni kwamba ishara hizi mbili zinafanana, na zipo protini zinazokwenda kote kuwili kwa ishara ileile moja. Programu nyingi zilifuata, kila moja na kanuni zake, na ukiziuliza kuhusu protini moja zinaweza kukupa majibu matatu tofauti.

Hapo ndipo nawashukuru kwa dhati watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, mjini Perth. Mwaka 2005 Joshua Heazlewood, Harvey Millar na wenzao waliitangaza SUBA, kanzidata ya mahali pa protini za Arabidopsis. Walikusanya utabiri wa programu nyingi, hatimaye 22, wakauweka sambamba na matokeo ya maabara, bila kuuchanganya nayo. Msomaji anaona hiki kimetabiriwa, hiki kimeonekana. Mwaka 2014 wakaongeza SUBAcon, mfumo wa kitakwimu unaopima vyote kwa pamoja na kutoa hukumu moja yenye kiwango chake cha uhakika. Hukumu hiyo inafaa, ila mimi nauthamini zaidi ule utenganisho wa mwanzo. Kanzidata inayochanganya dhana na ushahidi katika safu moja inamdhuru kila atakayeitumia baada yake.

Ushahidi nao una mitego yake, na hapa naomba tukae kidogo. Njia ya kwanza ni kuiunganisha protini na ile protini ya samaki-jeli inayong'aa kijani, kisha kuangalia kwa hadubini mwanga unatokea wapi. Ukiibandika mbele, unaziba ishara ya kloroplasti. Ukiibandika nyuma, unaziba ile ya peroksisomu, ambayo mara nyingi ni asidi amino tatu tu za mwisho: serini, lisini, leusini. Kote kuwili protini itabaki saitosoli iking'aa vizuri sana, na picha itakuwa ya kupendeza na ya uongo. Njia ya pili ni kusaga majani, kutenga mitokondria kwa mashinepewa, yaani mashine ya kuzungusha kwa kasi, na kupima uzito wa vipande vya protini. Lakini kloroplasti hupasuka wakati wa kusaga, na Rubisko, protini iliyojaa kuliko zote kwenye jani, humwagika na kujitokeza hata pasipo pake. Ndiyo maana protini iliyoonekana kwa njia zote mbili ina uzito ambao njia moja peke yake haiwezi kuupata.

Kwamba mahali pa protini ni muhimu, waliotengeneza mchele wa dhahabu, mpunga uliopewa jeni za kutengeneza karotini, walilijua. Jeni moja waliyoitoa kwa bakteria waliiunganisha na ishara ya Rubisko ya njegere, ili kimeng'enya chake kifike kwenye plastidi, vyumba vya jamii ya kloroplasti, inakopatikana malighafi ya karotini.

Kundi lilelile la Perth lilianzisha pia cropPAL, kanzidata ya aina hiyo kwa mimea ya mazao, likianza na shayiri, ngano, mpunga na mahindi. Jenomu ya muhogo nayo imeshasomwa. Lakini mwanafunzi wangu akitaka kujua protini ya muhogo iko wapi, mara nyingi huilinganisha na nduguye wa Arabidopsis, mmea usiokuwa na mizizi ya kuhifadhi wanga wala utomvu mweupe, kisha huandika jibu kana kwamba limeonekana. Mimi nataka liandikwe kuwa ni dhana, mpaka litakapopimwa.

Na kulipima tunaweza. Jani changa la muhogo, bakteria wa kuingizia jeni, protini ya kijani iliyobandikwa mbele na, kwa jaribio la pili, nyuma, na hadubini ya leza ambayo vyuo kadhaa vinaweza kuitumia kwa zamu. Tuanze na vimeng'enya vya sianidi, mzizi na jani kila kimoja peke yake, na matokeo yawekwe wazi pamoja na picha zake zote, hata zile zinazopingana.