Mbuzi Wenye Mimba na Wana Wao
(Hotuba kwa wafugaji wa Sepuka, Singida)



 Hatukuja kuwafundisha kuchunga mbuzi, maana Wanyaturu walichunga mbuzi katika nchi hii kabla haijajengwa shule hata moja. Tumekuja kwa jambo moja tu. Ukimwuliza mfugaji ana mbuzi wangapi, atakujibu upesi. Ukimwuliza ni wana wangapi waliozaliwa zizini mwake mwaka uliopita, na wangapi kati yao wangali hai, atanyamaza kwanza. Mwana aliyekufa hahesabiwi, kwa kuwa hakununuliwa kwa fedha. Lakini yeye ndiye sare ya mtoto wa shule, ndiye debe la mtama mwaka wa njaa, na mahari ya kijana huanza kwake.

Basi na tuanze kabla hajazaliwa. Mbuzi huchukua mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Katika miezi mitatu ya kwanza mwana ni mdogo sana, na mama aweza kuishi kwa malisho ya kawaida. Miezi miwili ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwani katika muda huo mwana hupata sehemu kubwa ya uzito wake wote, na kiwele nacho hujitengeneza. Tena wana wakisha kukua tumboni, huibana nafasi ya chakula. Mbuzi huyo hata ukimwekea rundo la mabua makavu hawezi kula ya kumtosha. Yampasa apewe chakula kichache chenye nguvu nyingi.

Asipopewa, huula mwili wake mwenyewe. Huyeyusha mafuta yake kwa haraka mno hata damu ikaingia sumu, na hasa akiwa na mimba ya mapacha. Mtamwona ajitenga na wenzake, akataa kula, atembea kama kipofu, kisha alala asiinuke tena. Wako wasemao ya kwamba amerogwa. Hakurogwa, ana njaa. Akionekana mapema apewe maji ya sukari au ya asali mara kadhaa kwa siku pamoja na majani mabichi, na Bwana Mifugo aitwe. Akisha kulala chini ni vigumu kumponya. Ajabu ni kwamba mbuzi aliyenenepa kupita kiasi naye hupatwa na ugonjwa huu huu, kwa hiyo msimshibishe mno mwanzoni ili kumpunja mwishoni.

Sasa tazameni majira ya nchi yenu. Mvua ya Singida huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Beberu hajui kalenda. Akipanda mwezi wa Mei, mbuzi huzaa Oktoba, wakati ambapo ardhi ni nyeupe na kisima ki mbali. Shauri letu ni kwamba beberu afungwe kipande cha ngozi au turubai chini ya tumbo, aachiliwe tangu mwisho wa Novemba na mwezi wote wa Desemba. Hapo mbuzi watazaa kati ya mwisho wa Aprili na Mei: mimba yao itamalizika juu ya majani mabichi, wana watazaliwa matope yakikauka, na mama watanyonyesha wakila masalio ya mashamba yaliyovunwa. Wako wafugaji wanaopenda wana wazaliwe mvua inapoanza, ili maziwa yawe mengi. Hoja yao ina maana, wala hatuwabishii kabisa. Lakini mimba hizo hukomaa katika miezi ya njaa kuu, na wana huangukia kwenye baridi na matope, wakati ambapo kila mkono wa nyumba umeshika jembe.

Hata hivyo, wengi watazidi kuzaa wakati wowote, na kwa ajili ya hao hapana budi kuweka akiba. Baada ya mavuno, majani ya karanga, ya kunde, ya choroko na ya viazi vitamu huachwa shambani yakachomwa na jua au kukanyagwa na ng'ombe. Yakusanyeni yangali na rangi ya kijani, myakaushe kivulini, myapandishe juu ya kichanja. Matunda ya migunga yaangukayo wakati wa kiangazi yaokotwe na watoto, yatiwe magunia. Kabla ya kulishwa yatwangwe kidogo, kwani mbegu nzima hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Jirani zetu Wasukuma hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili iliwe wakati wa kiangazi, nao huiita ngitili. Tangu mwaka 1986 Serikali iliihimiza desturi hiyo katika Mkoa wa Shinyanga, na miti ikarudi mahali palipokuwa jangwa. Sioni, wala wenzangu hawaoni, kwa nini jambo hilo lisifanywe hapa.

Na mashudu! Mkoa huu wajulikana nchi nzima kwa alizeti. Mafuta hukamuliwa hapa hapa, kisha mashudu hupakiwa malorini kwenda kunenepesha ng'ombe wa watu wengine, na mbuzi wa mkulima yule yule hulala na njaa. Wekeni gunia moja nyumbani. Robo kilo ya mashudu na pumba zilizochanganywa, kila jioni kwa majuma sita ya mwisho, yamtosha mbuzi wetu wa kienyeji. Mwanzoni apewe konzi moja, kisha aongezewe kidogo kidogo, maana tumbo lake halipendi mageuzi ya ghafula. Chumvi na maji asikose. Lakini chakula kilichoota ukungu kitupwe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu kuvu. Mbuzi naye si chuma.

Siku za kuzaa zikikaribia, mbuzi asipelekwe mbali. Abaki karibu na nyumba, mahali pakavu palipofagiwa. Mwana akitoka, mpanguseni pua na kinywa, kisha mwacheni mama amlambe. Kwa kumlamba humkausha na kumjua. Kitovu kipakwe dawa ya iodini. Kondo la nyuma lisivutwe kwa mkono, litatoka lenyewe. Likikaa zaidi ya nusu siku, mwiteni Bwana Mifugo.

Jambo kuu kuliko yote tuliyosema ni dang'a. Mwana wa mbuzi huzaliwa bila kinga yoyote mwilini. Kinga yake yote imo katika maziwa yale ya kwanza, mazito, ya manjano. Tumbo lake laweza kuipokea kwa muda mfupi tu: saa za kwanza hupokea vizuri, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Kwa hiyo anyonye kabla saa moja haijapita. Wako watu wanaoikamua dang'a na kuimwaga, wakidhani ni maziwa mabovu. Desturi hiyo huua wana wengi. Mwana mwenye uzito wa kilo 2 yampasa apate kama robo lita katika siku yake ya kwanza. Asiyeweza kusimama aelekezwe chuchuni, au akamuliwe na kunyweshwa polepole kwa chupa safi. Mama akifa, tafuteni dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo. Baadaye yatafaa maziwa ya ng'ombe, yapashwe moto kiasi cha joto la mwili, mara nne au tano kwa siku.

Liko kosa moja la kila siku. Mama huenda malishoni asubuhi, hurudi jua likichwa, na mwana amefungiwa ndani mchana kutwa bila ziwa, pengine bila maji. Katika majuma mawili ya kwanza afadhali mama achungwe karibu, arudishwe adhuhuri anyonyeshe. Baada ya hapo wana watundikiwe majani laini na wawekewe maji, wajifunze kula. Kibanda chao kifagiliwe kila siku, maana kuhara kwao hutoka katika mavi yaliyolowa. Wakifikisha miezi mitatu au minne waweza kuachishwa, na huo ndio umri wa kuchanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa kuingia nchini mwaka 2008.

Neno jingine ni la kujilinda ninyi wenyewe. Mbuzi wengi wakitupa mimba kwa pamoja, msishike kilichotoka kwa mikono mitupu, wala msile nyama yao, wala msinywe maziwa yasiyochemshwa. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 nchini, na jirani zetu wa Dodoma ndio walioumia zaidi. Fukieni shimo refu, mpeleke habari siku hiyo hiyo.

Walimu, kwenu tuna ombi. Kila mwanafunzi ambaye kwao kuna mbuzi aandike katika daftari tarehe ya kila mwana aliyezaliwa, kama alinyonya dang'a siku ile, na tarehe aliyokufa au kuuzwa. Mvua ijayo ikianza, baba zao waisome hesabu hiyo kabla ya kumfungua beberu.