UYOGA WA PORINI KABLA YA KUFIKA MIZANINI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mvua zinapoanza katika misitu ya miyombo, kinamama huingia porini alfajiri na vikapu vyao. Uyoga waupatao huliwa nyumbani, na unaozidi huanikwa au huuzwa kando ya barabara, kama ionekanavyo huko Iringa. Chama kinachotaka kuununua hakina budi kufahamu kwamba mizani haitambui sumu.

Mjuzi wa uyoga hatazami rangi peke yake. Hutazama kwanza mahali ulipoota. Uyoga wa kichuguu hulimwa na mchwa wenyewe, na shina lake huendelea chini ya ardhi mfano wa mzizi mpaka kwenye makao yao. Ule wa manjano uotao chini ya miyombo hushirikiana na mizizi ya miti hiyo. Chini ya kofia yake hamna kurasa nyembamba, bali mikunjo butu inayoteremkia shinani. (Akataye miyombo kwa mkaa hukata na uyoga huo.)

La kuogopwa zaidi limefichika udongoni. Jamii ambayo wataalamu huiita Amanita, yenye uyoga unaoua kuliko mwingine wote, huchipuka katika kifuko mfano wa ganda la yai. Lakini katika jamii hiyo hiyo umo uyoga unaoliwa, wenye kifuko kile kile, na hapo hata wazoefu hujikwaa. Kwa hiyo uyoga na ung'olewe mzima pamoja na kitako chake. Karani akiletewa kofia tupu hana njia ya kujua. Na azikatae, hata mwanachama akinuna.

Wapo wanaotumbukiza sarafu ya fedha chunguni, na wapo wanaosema kilicholiwa na wadudu ni salama. Yote hayo ni bure. Sumu ya Amanita haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kuanikwa.

Tena sumu hiyo haina haraka. Mlaji huanza kutapika na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, kisha huweza kupata nafuu ya siku moja hivi, jamaa wakashukuru, kumbe ini linaharibika. Mgonjwa wa namna hiyo asisubirishwe kwa sababu ya nafuu. Apelekwe hospitali upesi, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye, hata kama yameshatupwa jalalani.