MAJI YALIYO CHINI YA BARABARA

(Mazungumzo ya radio kwa watu wazima, yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusoma)

Leo tutazungumza habari za barabara za milimani kwetu Usambara, na habari za adui mmoja anayeziharibu kimya kimya. Adui huyo ni maji. Sisemi maji ya mvua yateremkayo kwa kishindo, maana hayo kila mtu huyaona. Nasema maji yaliyomo ndani ya ardhi.

Pengine umeliona jambo hili. Mvua imekwisha majuma matatu, jua linawaka, vumbi linatimka huko Mombo, lakini huku juu pana mahali barabarani penye unyevu siku zote. Lami imepasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba. Mafundi waja, waziba shimo. Masika yajayo shimo limerudi pale pale, tena limekuwa pana zaidi. Watu husema, "Lami ilikuwa mbovu." Huenda. Lakini mara nyingi ubovu hauko juu, uko chini.

Maji hayo yatoka wapi?

Milima ya Usambara ni mawe magumu ya kale sana, na juu ya mawe hayo pana udongo mwekundu, mahali pengine mita nyingi kwenda chini. Mvua inyeshapo, wakati wa masika na wakati wa vuli, sehemu ya maji huingia katika udongo huo polepole. Yakifika penye mwamba, hayawezi kushuka zaidi, basi hufuata mteremko mpaka yapate pa kutokea. Yakitokea bondeni twayaita chemchemi, nasi twachota na kushukuru. Lakini mtu akikata ubavu wa mlima apitishe barabara, huenda ameikata njia ya maji. Tangu siku hiyo maji hutokea katika ukingo wa barabara, au chini yake.

Fikiri barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni. Urefu wake ni kilometa 33 hivi, nayo hupanda karibu mita 1,000. Sehemu kubwa imechongwa katika ubavu wa mlima. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, siku ambazo Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na tangu zamani hizo mali ya mlimani hushukia Mombo. Leo hushuka malori ya kabichi, nyanya, karoti na viazi. Ukingo ukiporomoka ukaifunga njia, nyanya huoza katika matenga, na mgonjwa aliyekuwa apelekwe hospitali kubwa husubiri. Kwa hiyo habari hii si ya mainjinia peke yao.

Jaribio la nyumbani

Chukua tofali bichi lililokauka vizuri. Lisimamishe katika sinia lenye maji ya kina cha kidole kimoja, kisha ungoje nusu saa. Utaona unyevu umepanda juu kuliko maji yenyewe. Bonyeza chini yake kwa kidole: pamekuwa tope. Sasa weka jiwe zito juu yake, uone kama litasimama. Barabara nayo ni hivyo hivyo. Udongo mkavu huchukua lori lililojaa. Udongo ule ule ukilowa hubonyea, na lami iliyo juu yake, kwa kuwa ni ngumu na nyembamba, hupasuka. Kupitia nyufa hizo maji ya mvua huingia, na uharibifu huongezeka.

Jambo hili lajulikana tangu zamani. Mskoti John Loudon McAdam, aliyepewa kazi ya kusimamia barabara za Bristol, Uingereza, mwaka 1816, alifundisha kwamba kinachobeba mzigo hasa ni udongo ulio chini, na kwamba kazi ya kwanza ya mjenzi ni kuuweka mkavu. Ndiyo kusema, mfereji hutangulia, kokoto hufuata.

Dalili za kutazama

Kwanza, majani mabichi au matete katika ukingo wakati wa kiangazi. Pili, tope jembamba linalotoka katika nyufa gari lipitapo. Tatu, maji yanayochuruzika ukutani siku nyingi baada ya mvua.

Ukiona maji, uliza kwanza ni ya nani. Ya chemchemi huongezeka baada ya mvua na kupungua kiangazi. Yakiwa sawasawa mwaka mzima, tena yakikoma bomba la juu linapofungwa, basi bomba limepasuka. Yakinuka, chunguza shimo la choo. Yakija siku za kumwagilia bustani tu, fuata mfereji wa shamba lililo juu ya barabara. Mfereji wa udongo huvuja njia nzima. Huenda mwenye kabichi ndiye anayeilowesha barabara itakayozipeleka kabichi zake sokoni.

Dalili ya nne ni ya hatari: ufa mrefu wenye umbo la mwezi mwandamo juu ya ukingo, na miti iliyoanza kuinama. Hapo mlima wataka kuteleza. Usikaribie, wala usichimbe chini yake. Waondoe watu, kisha upeleke habari upesi kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa.

Yafaa kufanya nini?

Dawa ni moja: maji yapewe njia kabla hayajafika chini ya barabara. Upande wa juu huchimbwa mfereji wenye kina kuliko kitako cha barabara. Mahali penye chemchemi hujazwa mawe makubwa chini na kokoto juu, ili maji yapite katikati ya mawe bila kubeba udongo. Kisha hupitishwa katika kalvati mpaka upande wa pili, nayo yatokee penye mawe au majani mengi, yasije yakachimba korongo katika shamba la jirani. Kazi hiyo katika barabara kuu ya Mombo–Lushoto ni ya TANROADS. Katika mitaa ya mji na njia za vijijini ni ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Penye ukingo mrefu wenye mteremko mkali, mfereji usichimbwe bila injinia, kwa maana ukikata mguu wa mlima, mlima huanguka.

Lakini iko kazi yako wewe. Mfereji ulio mbele ya nyumba yako usiujaze kifusi ili upate njia ya kuingia dukani. Weka daraja la mbao au la zege. Uzibue kabla ya masika na kabla ya vuli. Mabua na taka usitupe humo. Mfereji mmoja ulioziba katika mtaa huyarudisha maji chini ya nyumba kumi.

Kwa nini nasema yafaa kuelewa, wala si kutii tu? Wazee wa Mlalo wanajua sababu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuilinda ardhi ya Usambara, ikawaamuru wakulima kulima matuta milimani. Kazi ilikuwa nzito, na asiyelima aliadhibiwa. Watu walikataa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Ardhi kweli ilikuwa ikichukuliwa na maji, lakini amri haikuwashika watu mioyo. Mradi wa SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikwenda njia nyingine: kupanda miti, na majani ya guatemala katika mistari inayokata mteremko, majani ambayo ng'ombe nao hula. Mtu hulinda kitu akionacho faida yake.

Basi, ndugu zangu, wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa barabara za milimani tuongeze neno moja: kabla ya kuziba ufa, tafuta maji yaliyoupasua. Kwaherini.

Maswali ya kikundi

1. Ni wapi katika mtaa wenu pana unyevu wakati wa kiangazi? Maji hayo ni ya chemchemi, ya bomba, ya choo au ya bustani?
2. Mifereji ya mtaa wenu yaishia wapi, na ni nani aumiaye huko mwisho?
3. Chagueni mfereji mmoja na siku moja ya kuuzibua. Nani ataleta majembe, na nani ataleta makoleo?